Fedha za Kaunti na Mtoto Aliyeteleza

Kila mwaka, kabla tarehe 30 Aprili haijapita, serikali za kaunti katika Kenya hutakiwa na sheria kuyafikisha makadirio ya fedha mbele ya mabunge yao. Wakati huo ndipo wananchi wa Kisii na Nyamira wapatapo nafasi ya kuuliza. Mkulima wa chai wa upande wa Kebirigo huuliza habari za barabara ya kupelekea majani kiwandani. Mchongaji wa mawe wa Tabaka huuliza habari za soko. Karani wa Kisii mjini huuliza habari za maji na taka. Maswali hayo yote ni ya haki, na anayeyauliza hastahili kulaumiwa. Walakini liko swali moja ambalo ni nadra kusikiwa katika mikutano hiyo: Je, mwaka huu kaunti imetenga shilingi ngapi kwa ajili ya mtoto aliyeteleza, ili arudishwe katika njia njema kabla hajaufikia mlango wa gereza?

Swali hilo si la huruma peke yake. Ni swali la sheria, na ni swali la hesabu.

SHERIA INAVYOSEMA

Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watoto, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 2001. Kwa sheria hiyo, umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kwa kosa la jinai ulipandishwa kutoka miaka 8 hadi miaka 12. Mtoto aliyetimiza miaka 12 lakini hajafika 14 huhesabiwa kuwa hajaweza kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhike kwamba aweza.

Zaidi ya hayo, sheria hiyo imeweka utaratibu wa kumwepusha mtoto na kesi. Maana yake ni hii. Mtoto amekosa, na ushahidi wa kosa upo. Naye amekiri kwa hiari yake mwenyewe, bila kupigwa wala kutishwa. Basi, kwa ridhaa yake na ya wazazi wake, aweza kutolewa katika njia ya mahakama na kupewa masharti ya kutimiza. Masharti hayo huwa ya namna nyingi: kuomba radhi kwa mdomo au kwa maandishi, kukirudisha kitu alichokichukua, au kukilipia, kuhudhuria shule bila kukosa, kufanya kazi ya manufaa kwa watu, kukutana na mshauri, kuwa chini ya uangalizi wa mtu mzima anayeaminika. Akiyatimiza, mambo yamekwisha, wala haandikwi kuwa mhalifu. Akiyapuuza, kesi yaweza kurudi pale ilipokuwa.

Jambo hili halikuzuka ghafula. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni zinazoitwa Kanuni za Beijing, zilizosema kwamba yafaa mambo ya watoto waliokosa yamalizwe nje ya mahakama kila inapowezekana. Mwaka 1990 Kenya iliukubali Mkataba wa Haki za Mtoto, wenye maneno ya namna hiyo hiyo. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba mtoto asifungiwe ila iwe ni njia ya mwisho kabisa, na kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima.

Basi sheria iko, tena ni njema. Lakini sheria humwambia ofisa wa polisi na mwendesha mashtaka kwamba mtoto aweza kuepushwa na kesi. Haimwambii fedha za kumlipa mshauri zitatoka wapi, wala ni nani atakayemtembelea mtoto huyo siku ya Jumanne saa kumi jioni kuona kama amekwenda shuleni. Mtoto hawezi kutolewa katika njia moja isipokuwa iko njia nyingine ya kumtia. Ofisa asipokuwa na mahali pa kumpeleka, hubaki na mambo mawili tu: kumwachilia arudi kule kule alikotoka bila msaada, au kumpeleka mahakamani. Yote mawili hayamtengenezi mtoto.

MFANO WA KIJANA MMOJA

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa miaka 15, ambaye nyumbani kwao ni karibu na Nyansiongo. Ameacha shule kwa sababu ya karo. Mchana hushinda stendi pamoja na waendeshaji wa bodaboda, akiosha pikipiki ili apate shilingi hamsini. Siku moja anashikwa na simu ya jirani na kuku wawili. Watu wanamzunguka. Iwapo bahati yake ni njema, chifu anatokea upesi na kumkabidhi kwa polisi kabla watu hawajamtia mkononi, kwa kuwa inajulikana katika sehemu hizo kwamba hasira ya umati haina jaji wala rufani.

Akifikishwa mahakamani, huenda akawekwa katika nyumba ya mahabusu ya watoto iliyoko Manga, akingoja kesi yake. Kesi ikimwendea vibaya, hakuna shule ya urekebishaji katika nchi ya Wagusii. Shule hizo ziko kwingine, kama vile Kericho, Kakamega na Kisumu. Msichana hupelekwa mbali zaidi, kama vile Kirigiti katika Kiambu. Mama yake, mwenye mashamba madogo ya ndizi na mboga, atapata wapi nauli ya kumtembelea mtoto aliye mbali hivyo? Na yule jirani aliyeibiwa, je, atapata nini? Simu yake ni kielelezo cha kesi, yeye mwenyewe ni shahidi wa kupoteza siku za kazi, na kuku wake hawarudi.

Njia ya pili ni kwamba kijana huyo akutane na jirani yake mbele ya wazazi, ofisa wa watoto na mzee wa mtaa. Akiri kosa kwa kinywa chake. Simu irudi siku ile ile. Thamani ya kuku ailipe kwa kufanya kazi Jumamosi nne. Kisha apelekwe katika chuo cha ufundi cha karibu ajifunze useremala, uashi au ufundi wa pikipiki zile zile alizokuwa akiziosha, na mtu mmoja apewe kazi ya kumwangalia kwa muda wa miezi sita. Jirani amepata haki yake upesi, na kijana amepata kazi ya kufanya.

Njia hii ya pili haifanyiki bure. Mtu wa kumwangalia ataka nauli. Chuo chataka karo. Mkutano wataka mahali, na anayeusimamia ataka mafunzo. Hapo ndipo fedha za kaunti zinapoingia.

DESTURI YA TANGU ZAMANI

Wazee wa Gusii hawatashangazwa na fikira hizi. Hapo kale vijana wasiooa walikaa katika vijiji vya ng'ombe vilivyoitwa ebisarate, wakilinda mifugo ya ukoo na kufunzwa nidhamu na wakubwa wao. Serikali ya Kiingereza, iliyofungua boma lake Kisii mwaka 1907, iliviondoa vijiji hivyo miaka michache baadaye, wala haikuweka kitu kingine cha kuwashughulisha vijana wale. Kwa upande wa makosa madogo, wazee waliketi wakasikiliza, wakaamua fidia, na ukoo mzima ulihesabiwa kuwa na deni mpaka lilipwe. Kazi za shamba zilifanywa kwa risaga, yaani kwa majirani kusaidiana kwa zamu, na kijana mvivu alionekana mara moja.

Mambo hayo hayawezi kurudi kama yalivyokuwa. Ardhi imekuwa haba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Katika Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilometa ya mraba; katika Nyamira ni zaidi ya 600. Baba mwenye robo eka hana ng'ombe wa kumpa mwanawe alinde, wala hana kipande cha kumgawia. Kijana aliyemaliza darasa la mwisho, au aliyelikatiza, hutoka nyumbani asubuhi bila kazi, na njia yake huishia sokoni. Kwa hiyo lile lililofanywa zamani na ukoo kwa ng'ombe wake, yapasa sasa lifanywe na jamii kwa kodi yake.

Na si mara ya kwanza jamii kufanya hivyo. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza ni nini kinachomngoja kijana baada ya shule ya msingi. Kutokana na fikira hizo vilianzishwa vyuo vya ufundi vya vijiji, vilivyosimamiwa na kamati za wenyeji na baadaye kusaidiwa na serikali. Katiba ya mwaka 2010 iliviweka vyuo hivyo mikononi mwa kaunti. Ni urithi wenye thamani. Mahali penye karakana, mwalimu na benchi, palipo karibu na nyumbani kwa kijana, ndipo panapofaa kuwa mlango wa kwanza wa mtoto aliyeepushwa na kesi.

JE, NI KAZI YA KAUNTI?

Wako wasemao kwamba polisi, mahakama na magereza ni mambo ya serikali ya taifa, kwa hiyo kaunti haihusiki. Neno hilo ni kweli nusu. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya taifa polisi, mahakama na magereza. Maofisa wa watoto na maofisa wa uangalizi wa wahalifu hulipwa na serikali hiyo. Lakini jedwali lilo hilo limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, mahali pa kutunzia watoto, zahanati na vituo vya afya, maktaba, viwanja vya michezo, na kazi ya kuwashirikisha wananchi katika utawala wa mahali pao. Ukitazama orodha hiyo kwa makini, utaona kwamba karibu kila kitu ambacho mtoto aliyeteleza anakihitaji kimo ndani yake. Ufundi ni wa kaunti. Mshauri katika kituo cha afya ni wa kaunti. Uwanja wa mpira ni wa kaunti. Kesi peke yake ndiyo isiyo ya kaunti, na shabaha yenyewe ni kuiepuka kesi.

Hata hivyo fedha za umma yafaa zipite katika mlango wake. Mnamo Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na mapatano yaliyoandikwa na serikali ya taifa kabla ya kutoa fedha za kuwalipia karo wanafunzi wa shule zisizo chini ya kaunti. Mzozo ukafika mahakamani, na wazazi wengi wakabaki na wasiwasi. Fundisho lake ni wazi. Kaunti ikitaka kuchangia kazi iliyo karibu na mpaka wa serikali hizi mbili, na ianze kwa kuandika mapatano, kama vile kifungu cha 187 cha Katiba kinavyoruhusu serikali moja kuipa nyingine kazi yake. Kisha fedha zifuate. Fedha zikitangulia na karatasi ikafuata, watakaoumia ni watoto.

HESABU YENYEWE

Mkulima hakubali kununua mbolea bila kuuliza bei, na haki yake ni hiyo hiyo katika jambo hili.

Uko mfano mmoja wa karibu. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha mpango wa wahamasishaji wa afya wa jamii, wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Ilipatanwa kwamba kila mmoja apate posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Nusu itoke kwa serikali ya taifa, na nusu itoke kwa kaunti. Huo ni ushahidi kwamba serikali mbili zaweza kumlipa mtu mmoja wa kijijini kwa kazi moja, kila moja ikibeba upande wake wa mzigo.

Na ifanywe hesabu ya mfano, kwa kipimo kile kile. Kisii ina wadi 45, na Nyamira ina wadi 20. Jumla ni wadi 65. Tuseme kila wadi ipate mlezi mmoja wa vijana, mtu wa mahali hapo aliyefunzwa, mwenye kazi ya kuwatembelea watoto walioepushwa na kesi na kuandika habari zao. Kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, kaunti zote mbili zingehitaji shilingi 325,000 kwa mwezi, yaani shilingi 3,900,000 kwa mwaka. Kama serikali ya taifa ingelipa nusu, Kisii ingebaki na shilingi 1,350,000 za kulipa kwa mwaka, na Nyamira shilingi 600,000. Hata kiasi hicho kikizidishwa mara mbili, ili pawe na nauli, mafunzo na karo ya ufundi kwa wale wasio na kitu, bado ni fedha ndogo ikilinganishwa na mabilioni ya shilingi ambayo kila kaunti hutumia kwa mwaka.

Iko hatari moja ambayo wananchi yafaa waijue mapema. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yazitaka kaunti zitumie si chini ya asilimia 30 ya fedha zao katika maendeleo, na kanuni zake za mwaka 2015 zimeweka asilimia 35 ya mapato kuwa mpaka wa mishahara. Ni kanuni njema za kuzuia ubadhirifu. Lakini kwa sababu yake, na kwa sababu jengo huonekana na mlezi haonekani, ni rahisi kaunti ikashawishika kujenga. Utepe hukatwa, picha hupigwa, ubao hubandikwa ukutani. Mwaka wa pili jengo limefungwa kwa kufuli, kwa kuwa hakuna aliyetenga posho ya mtu wa kulifungua. Kazi ya kumwongoza kijana hufanywa na mtu. Majengo yako tayari: vyuo vya ufundi, kumbi za kanisa, madarasa yaliyo wazi Jumamosi, ofisi za machifu. Kinachopungua ni mtu mwenye ujuzi, na nauli ya kumfikisha.

MAJIRANI WAMEFANYAJE

Nchini Uganda, Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 iliipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya watoto, kama vile wizi, ugomvi, kuingia shamba la mtu na kuharibu mali. Halmashauri hiyo yaweza kuamuru upatanisho, fidia, kurudisha mali, kuomba radhi, au onyo. Tena yaweza kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu kwa muda usiozidi miezi sita. Haina ruhusa ya kumfunga. Juu ya hayo, ofisa wa uangalizi na ustawi wa jamii ni mtumishi wa wilaya, si wa wizara katika mji mkuu. Kwa hiyo diwani wa wilaya akikutana naye aweza kumwuliza: watoto wangapi umewaona mwezi huu? Na ofisa naye aweza kumjibu: umenipa fedha kiasi gani za kuwaona?

Huko New Zealand, tangu sheria yao ya mwaka 1989, makosa mengi ya vijana hupelekwa katika mkutano wa ukoo, ambapo mtoto, jamaa zake na yule aliyekosewa huketi pamoja na kupanga jinsi kosa litakavyorekebishwa. Fikira hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na desturi za Wamaori. Serikali ya nchi hiyo haikuona haya kuchukua desturi ya wenyeji na kuiwekea ofisa wa kuiratibu, anayelipwa mshahara. Wagusii nao wana desturi ya kuketi na kupatanisha. Haijakosekana hekima, lililokosekana ni fungu la fedha lenye jina lake katika kitabu cha makadirio.

MASHAKA YALIYO YA HAKI

Mtu mmoja atauliza: kwa nini kodi yangu imlipie mwizi karo ya ufundi, na hali mwanangu asiyeiba hana karo? Swali hilo ni zito, na jibu lake lafaa liwe katika mpango wenyewe. Nafasi za ufundi zisiwe za waliokosa peke yao. Ziwe za vijana wote maskini wa wadi, na yule aliyeteleza awe mmoja wao asiyejulikana kwa jina la kosa lake. Ikiwa njia pekee ya kupata ufundi ni kuiba kwanza, mpango utakuwa umeharibika tangu siku ya kwanza.

Mwingine atasema kwamba wazee wakipewa nafasi ya kupatanisha, makosa makubwa yatafunikwa. Hofu hii nayo ina msingi. Imewahi kutokea katika sehemu nyingi za Kenya kwamba msichana amenajisiwa, na jambo likamalizwa kwa mbuzi na fedha kati ya baba wawili, na msichana mwenyewe hakuulizwa. Yafaa isemwe waziwazi kwamba hilo si kuepusha mtoto na kesi. Hilo ni kosa juu ya kosa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 haimpi mzee wala chifu mamlaka ya kuisimamisha kesi ya namna hiyo. Uepushaji unaosemwa hapa ni ule unaoandikwa, unaojulikana kwa ofisa wa watoto na mwendesha mashtaka, na ambao aliyekosewa amesikilizwa. Usioandikwa na usikubaliwe.

Wa tatu atauliza juu ya fedha zenyewe: je, hazitaliwa? Dawa ni hesabu ya wazi. Kila robo ya mwaka na itangazwe katika kila wadi: watoto wangapi wamepokewa, wangapi wametimiza masharti yao, wangapi wamerudia makosa, na shilingi ngapi zimetumika. Majina ya watoto yafichwe, kwa kuwa sheria yawalinda, hesabu zisifichwe.

NJIA YA MWANANCHI

Mambo haya hayatakuja yenyewe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini anayengoja Julai amechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufika kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio hufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Katika kila hatua hiyo sheria yataka wananchi washirikishwe. Jambo lisilotiwa katika mpango wa Septemba ni shida kulitia katika makadirio ya Aprili, kama vile mahindi yasiyopandwa wakati wa mvua yasivyoweza kuombewa mavuno.

Basi yafaa kamati ya wazazi wa shule, chama cha wakulima, kikundi cha akina mama au baraza la kanisa lichague watu wawili wenye kujua kusoma na kuandika. Watu hao waandike ukurasa mmoja. Waeleze vijana wangapi wa kijiji chao hawako shuleni wala kazini, chuo cha ufundi kilicho karibu kina nafasi ngapi zilizo wazi, na ni mtu gani wa mahali hapo awezaye kufunzwa awe mlezi. Ukurasa huo waupeleke kwa mwakilishi wa wadi, na nakala kwa ofisa wa watoto. Kisha wahudhurie mkutano wa makadirio wakiwa nao mkononi, na waulize mbele ya watu: fungu letu liko ukurasa wa ngapi?

Maombi yaliyoandikwa na yenye hesabu ni vigumu kuyapuuza. Makelele ya uwanjani husahauliwa jioni ile ile.

Methali yasema, udongo uwahi ungali maji. Wazazi huitumia wakimkanya mtoto, nao hawakosei. Walakini yafaa isomwe pia mezani pa wenye kupanga fedha, maana udongo haungojei mwaka wa fedha ujao. Kijana aliye na miaka 15 leo atakuwa mtu mzima mbele ya sheria baada ya miaka mitatu. Kisii na Nyamira wana makadirio matatu tu ya kumwahi.